Barua ya wazi kwa wanaosimamia usajili wa biashara: majina yetu yanaazimwa

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya viwanda na biashara, uwekezaji, kazi na mambo ya ndani. Na kwa wakuu wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TISEZA (mamlaka ya uwekezaji), Idara ya Uhamiaji na TRA (mamlaka ya mapato).

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Nina steshenari Kariakoo, chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, kompyuta tatu na benchi la kusubiria. Tangu mwaka 2018, BRELA walipohamishia usajili wa kampuni mtandaoni, fotokopi si kazi yangu kuu tena. Watu wanakuja niwasajilie. Wenye uwezo wana mawakili na wahasibu wao huko Posta na Masaki. Wanaobaki wanakuja kwetu sisi wa vichochoroni, namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kwenye kikaratasi na jina la kampuni walilolifikiria njiani. Nimewajazia Watanzania wengi, na wageni pia: Wachina, Wakongo, Wahindi, Waturuki, Wazambia, Wakenya. Ninayowaandikia nimeyaona kwenye benchi hilo.

Siku moja mtoto wa mama yangu mdogo aliingia dukani ameshika bahasha ya kaki. Ni dereva wa bodaboda Mbagala. Ndani ya bahasha mlikuwa na madai ya kodi ya kampuni ambayo yeye ni mkurugenzi wake na mwenye hisa 51 kati ya 100. Barua ya pili ilitoka kwa mwenye ghala, anadai pango la miezi saba. Miaka mitatu nyuma mtu alimfuata kijiweni akamwambia kuna mgeni anatafuta Mtanzania wa kuweka saini. Alipewa shilingi 300,000 siku hiyo na ahadi ya 50,000 kila mwezi. Hiyo ya kila mwezi aliipata mara nne. Mgeni mwenyewe alionana naye mara moja tu, ndani ya gari. Sasa mgeni hayupo nchini, ghala limefungwa, wafanyakazi sita wanadai mishahara, na jina lililobaki kwenye karatasi ni la kijana anayeendesha pikipiki ya mkataba.

Nikamuuliza, hukusoma ulichosaini? Akanijibu: "Dada, zilikuwa karatasi za Kiingereza, nyingi. Nilidhani ni kama kumsajilia mtu laini ya simu."

Sijaweza kulisahau jibu hilo, kwa sababu nina sehemu yangu katika jambo hili. Fomu yake sikuijaza mimi, lakini zinazofanana nayo nimejaza. Dalili zake nazijua. Anayelipa si anayesaini. Anayesaini anakaa pembeni, haulizi kitu, anaangalia simu. Ukimuuliza kampuni inafanya biashara gani, anamtazama aliyemleta. Namba yake ya NIDA inaingizwa, mtandao unaikubali na kuleta jina lake kamili. Zinatoka karatasi za kuchapa na kusaini. Zinagongwa muhuri wa wakili, mara nyingine mwenye saini akiwa ameshaondoka. Zinaskaniwa, zinapandishwa mtandaoni, na siku chache baadaye cheti kinatoka kikiwa safi kabisa. Katika hatua zote hizo hakuna mtu hata mmoja anayemgeukia yule wa pembeni na kumuuliza: ndugu, unajua unabeba mzigo gani? Na mimi sikuwauliza. Nilichukua ujira wangu.

Tangu bahasha ile nimeacha. Anayetaka nimsajilie kampuni, kila mwenye hisa aje mwenyewe, nami namsomea kwa Kiswahili anachosaini, kifungu kwa kifungu. Wapo walioinuka katikati ya kusomewa wakaenda zao, na nikashukuru. Lakini wateja wa aina ile hawajapungua Dar es Salaam. Wanavuka barabara tu, wanaingia duka linalofuata.

Jambo hili likisemwa kwenye mikutano, husikika kwamba wageni ni wajanja na vijana wetu wana tamaa. Wajanja wapo na tamaa ipo. Ila mimi ninayekaa na pande zote mbili naona jambo la tatu, nalo liko mikononi mwenu: katika njia zote ambazo mgeni mwenye mtaji wa kawaida anaweza kuzipita ili afungue biashara Tanzania, njia ya kuazima jina ndiyo fupi, ndiyo nafuu, na ndiyo isiyoulizwa maswali. Mtu mwaminifu anachoka njiani. Mjanja anafika siku hiyo hiyo.

Nitawapa mfano wa mwaminifu mmoja. Alikuwa mama kutoka Lubumbashi, Kongo. Miaka mingi alikuwa akipitisha mzigo wake bandarini kwetu, analijua jiji, anamjua hadi muuza chai wa mtaani kwangu. Aliona malori yanayokwenda Kongo yanavyochaniwa maturubai njiani, akataka kufungua karakana ya kushona na kukarabati maturubai. Alikuwa na dola 60,000 na cherehani mbili nzito alizokwisha kuzinunua. Kampuni tuliisajili bila shida. TIN, namba ya mlipakodi, ikapatikana. Tukadhani kazi imekwisha.

Dirisha la leseni lilikuwa na orodha yake: cheti cha kampuni, TIN, uthibitisho wa kodi, mkataba wa pango, na kwa mgeni, kibali cha ukaazi daraja A, yaani cha anayekuja kuwekeza. Sawa. Tukaenda kuuliza kibali. Kumbe vibali ni viwili. Tangu sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia, kibali cha kazi kinatolewa na Kamishna wa Kazi, na cha ukaazi kinatolewa na Uhamiaji. Maombi mawili na ada mbili kwa mtu mmoja yule yule. Tukakusanya viambatisho. Na kwenye orodha ya viambatisho vya kibali cha ukaazi, mstari mmoja ulisema: leseni ya biashara.

Leseni inasubiri kibali, na kibali kinasubiri leseni. Yule mama alinitazama, nikakosa la kumwambia.

Simlaumu ofisa yeyote tuliyekutana naye. Kila dirisha lilifuata orodha yake, na walitupokea vizuri. Walioandika orodha hizo ndio hawakukaa meza moja. Mlango wa kutokea upo, tena umeandikwa: kama wenye hisa wote wanaishi nje ya nchi, wampe hati ya uwakili Mtanzania, au mkaazi mwenye kibali daraja A, awasimamie. Msomeeni hayo mtu aliyeshuka kwenye basi la Tunduma jana, muone ataelewa nini. Ataelewa kwamba ameambiwa: tafuta mtu. Hapo ndipo jina la kwanza linapoazimwa, na mwongozo wetu wenyewe ndio umemwonyesha njia.

Wakati huo ghala lilikuwa limeshalipiwa pango la miezi sita mbele, maana mkataba wa pango ulikuwa sharti la leseni na wenye nyumba wa Dar es Salaam hawapokei mwezi mmoja mmoja. Analipia jengo ambalo haruhusiwi kuwasha cherehani ndani yake. Akatokea kishoka mmoja, wale mawakala wasio rasmi wa njia za mkato, akamwambia mama unahangaika bure, weka Mtanzania hisa 51, leseni unapata wiki hii. Yule mama akakataa. "Nitaandika je mutu mwenye sijui? Mali ni ya batoto yangu." Mwezi wa tano akauza cherehani zake akarudi kwao. Vijana wanne wa Tandika aliokwisha kuwaahidi kazi walikuwa wakija dukani kwangu kuulizia habari zake.

Kwa hiyo yule aliyekataa kudanganya hana karakana, na yule aliyemtumia mdogo wangu alifanya biashara miaka mitatu.

Natambua mengi yamefanyika, na si heshima kuyaruka. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 uliondoa tozo kadhaa. Mwaka huo huo usimamizi wa chakula na vipodozi uliondolewa kwa iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) ukapelekwa TBS (shirika la viwango), na mwenye kiwanda cha juisi akaacha kukaguliwa na taasisi mbili kwa chupa ile ile moja. Mwaka 2025 Kituo cha Uwekezaji na EPZA, mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, viliunganishwa ikazaliwa TISEZA. Haya yanaonyesha kwamba taasisi zikitakiwa kukaa pamoja zinaweza. Lakini faida ya dirisha moja la uwekezaji inamfikia zaidi aliyekuja na mtaji mkubwa. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 iliweka kiwango cha chini cha mtaji ili kupata cheti cha uwekezaji: dola 50,000 kwa raia, dola 500,000 kwa mgeni. Sheria haimkatazi mgeni mwenye pungufu ya hapo kusajili kampuni. Anaisajili. Ila bila cheti hana nafuu za kodi wala wa kumshika mkono kutoka dirisha hadi dirisha. Anabaki na sisi wa steshenari, na kishoka.

Wenzetu Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2004, walimwekea mgeni dola 100,000. Ghana kwa sheria ya 2013 waliweka ngazi: dola 200,000 kama ana mbia Mghana mwenye angalau asilimia 10, dola 500,000 kama ni peke yake, na dola 1,000,000 kama anataka kuuza na kununua tu, tena aajiri Waghana wasiopungua 20. Sisemi Ghana wamepona. Huko nako wafanyabiashara wazawa wamefunga kwa nguvu maduka ya Wanaijeria, na majina yanaazimwa kama kwetu. Ninachokipenda kwenye ngazi yao ni kwamba sheria inamwambia mgeni wazi: ukija na mbia wa kweli, mlango unapanuka. Kwetu, kati ya dola elfu chache na nusu milioni hakuna ngazi. Yule mama wa maturubai alisimama hapo katikati.

Sasa nije kwenye Amri ya Julai 2025, ile iliyotaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Mimi ni mtu wa Kariakoo na sitajifanya sikufurahi. Kelele za wageni kuuza sufuria na khanga rejareja, wakipanga bidhaa mezani kando ya kina mama zetu, nilizisikia kila siku, na ni kweli. Ndiyo maana Februari ya mwaka huo serikali iliunda kamati kuja kuchunguza. Kutengeneza simu, saluni za mtaani, kutuma pesa kwa simu, kununua mazao shambani kwa mkulima, udalali: hizi ni kazi ambazo mtoto wa Kitanzania anaanzia maisha, na nchi ina haki ya kumlinda. Tena walioiandika hawakukurupuka, maana wenye leseni hai waliachiwa hadi muda wa leseni uishe.

Lakini leseni ni ya mwaka mmoja. Kadiri zilivyokuwa zikiisha, simu yangu haikutulia. Watu nisiowajua wananiuliza, dada, una Mtanzania mzuri, asiyesumbua? Wanavyouliza ni kama mtu anayeulizia chumba cha kupanga. Bei ya jina imepanda. Kile alicholipwa mdogo wangu leo wangekicheka. Duka ni lile lile, bidhaa ni zile zile, mgeni anakaa kwenye kiti kile kile nyuma ya kaunta. Kilichobadilika ni jina kwenye leseni ukutani. Sensa ya wageni ukiifanya kwa kusoma leseni, utaona Kariakoo imerudi kwa wenyewe. Ukiifanya kwa kuuliza pesa za jioni zinahesabiwa na nani, utapata jibu jingine.

Adhabu nazo nimezisoma. Mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali. Raia aliyemsaidia ni faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Pimeni, Waheshimiwa. Mgeni mwenye duka lililojaa anazo milioni 10, na akizidiwa anapanda ndege. Mdogo wangu milioni 5 hajawahi kuzishika mkononi, na hana pa kwenda zaidi ya Mbagala. Kwa sababu ya kifungu hicho anaogopa hata kwenda kusema kwamba alitumika. Anayejua mmiliki wa kweli ni nani, ndiye tuliyemfunga mdomo.

Viwanda vidogo navyo vimo kwenye orodha ya zile 15, na hapo ninaomba mtazame upya. Kushona maturubai na kuuza sufuria rejareja si kitu kimoja. Mmoja anaweka meza kando ya meza ya mama zetu. Mwingine analeta mashine na ufundi, anaajiri, na soko lake liko Kolwezi, huko Kongo. Tena yule mama ni wa Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, na ndani yake mna haki ya raia wa nchi wanachama kuanzisha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine. Kongo waliingia mwaka 2022. Kenya walilalamika hadharani amri ilipotoka, na sisi tutalalamika siku nao wakiwafungia vijana wetu walioko Nairobi. Mtanzania anayeuza vitenge Lubumbashi naye huko ni mgeni.

Kuhusu ardhi nitasema machache, maana wapo wanaoijua kuliko mimi. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kampuni ambayo wageni wana hisa nyingi inahesabiwa kuwa ya wageni. Ni sheria nzuri na isiguswe. Ila viwanja vya Kigamboni na Bagamoyo vinavyoandikwa majina ya madereva, walinzi na wachumba ni ugonjwa ule ule wa jina la kuazima, na ukipata dawa upande mmoja itafaa na upande wa pili.

Dawa yenyewe, kwa macho ya mtu wa dukani, haianzii kwenye adhabu kubwa zaidi.

Leo nikibonyeza *106# kwenye simu yangu, ninaziona namba zote za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Kama ipo nisiyoijua, ninaikana. Bibi yangu kijijini anaweza kufanya hivyo akisaidiwa na mjukuu. Kwa nini laini ya simu ya shilingi 1,000 ina ulinzi huo, na kampuni inayoweza kunidai mamilioni haina? Namba ya NIDA ikiingizwa kwenye mfumo wa usajili wa kampuni, mwenye namba apate ujumbe kwa Kiswahili, kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina lake: umeandikwa mkurugenzi wa kampuni fulani, una hisa kadhaa, ukikubali utawajibika kwa kodi, mishahara na michango ya wafanyakazi, jibu ndiyo au hapana. Cheti kisitoke kabla hajajibu. Taarifa zote mnazo tayari. Ni mifumo miwili tu kuunganishwa.

Ujumbe huo unatakiwa uambatane na karatasi. Tangu mwaka 2021 sheria yetu inatambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katiba za kampuni ninazozipandisha kila wiki ni za Kiingereza, kurasa kumi na kitu, zimenakiliwa kampuni hadi kampuni hata waliozileta hawazisomi. Uwekwe ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaoeleza wajibu wa mwenye hisa na wa mkurugenzi kwa maneno ya kawaida, na saini ya mtu iwe chini ya ukurasa huo. Wakili asigonge muhuri mpaka mtu amekaa mbele yake. Hili la wakili mnaweza kulisimamia mkitaka. Mihuri ina majina.

Tangu mwaka 2020 sheria inataka kampuni itaje wamiliki manufaa, yaani wale ambao faida na uamuzi ni vyao hasa. Nilipoiona mara ya kwanza nilifikiri tumepona. Lakini sehemu hiyo ya fomu inajazwa na mkono ule ule uliojaza sehemu nyingine, kwa maelekezo ya yule yule anayelipa, na jina linaloandikwa ni lile la kuazima. Ninajua kwa sababu ninaijaza. Mnazo njia za kuhakiki bila kumsumbua mwaminifu. Mwenye hisa 51 za kampuni inayoingiza makontena, ambaye TIN yake haijawahi kuonyesha mapato yoyote, anastahili angalau simu moja ya kuulizwa. Anayesaini hundi benki ni nani? Mkataba wa pango uko kwa jina la nani? Maswali matatu hivi yangetosha kumwona mdogo wangu tangu mwaka wa kwanza, kabla deni halijakua.

Mzunguko wa leseni na kibali ukatwe. Mgeni aliyesajili kampuni na kupata TIN apewe ruhusa ya muda, kwa jina lake mwenyewe, ya kuanza kazi wakati vibali vinashughulikiwa. Akinyimwa kibali, ruhusa ife. Maombi ya kazi na ya ukaazi yawe moja, na ada moja inayogawanywa huko ndani kati ya idara zenu. Ada hata ikiwa kubwa, wageni wengi ninaowahudumia wangeilipa kwa furaha kama wangejua itaisha lini. Kinachowapeleka kwa vishoka ni kutojua.

Na iwepo ngazi ya kati. Sina elimu ya kuwapangia kiwango. Mtu mwenye dola 60,000 au 100,000 anayekuja kuzalisha, siyo kuchuuza, tena akiwa na mbia Mtanzania aliyeweka fedha, ufundi au eneo lake kweli, apate pa kusimama palipoandikwa kwenye sheria. Mbia huyo atakuwa mlinzi mzuri kuliko mkaguzi yeyote, kwa sababu analinda chake.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Fungueni dirisha la kujitokeza. Mwaka 2018 serikali iliwafutia walipakodi riba na adhabu za malimbikizo kwa muda maalumu, ili walipe deni la msingi na waanze upya, na watu walijitokeza. Fanyeni hivyo kwa majina ya kuazima. Wapeni miezi sita. Raia aliyeazimisha jina aje aseme, na asishtakiwe. Mgeni aliyeazima aje aandikwe kwa jina lake, biashara yake kama inaruhusiwa ipimwe upya, kama hairuhusiwi apewe muda wa kufunga kwa utaratibu, alipe wafanyakazi na kodi. Muda ukiisha, adhabu zifuate, na hapo mtakuwa mnajua nani ni nani. Leo hamjui. Daftari lenu lina maelfu ya majina ya kweli ya watu wasiomiliki chochote.

Najua wapo watakaosema dirisha hilo litamnusuru mhalifu. Nami nawaomba waje wakae kwenye benchi langu siku moja tu, wamtazame anayesaini. Ni kijana wa bodaboda, ni binti anayeuza vocha, ni mlinzi wa zamu ya usiku aliyeahidiwa mtaji. Hawa ndio wenye viwanda na wenye maghala wa kwenye mfumo wenu.

Kijana wetu ameitwa tena tarehe 14. Hana wakili. Nimemwandalia faili: nakala ya usajili, ujumbe wa simu wa yale malipo manne ya shilingi 50,000, na maelezo yake aliyoyaandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Siku hiyo nitafunga duka niende naye, na nikiulizwa kazi yangu nitasema ndiyo hii ya kusajili kampuni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari,
Kariakoo, Dar es Salaam